Manowari ina jina, waliobeba mizinga yake je?

Ukisafiri kwenda Lindi na Mtwara, basi lazima lisimame Kibiti. Hapo utauziwa korosho, machungwa na mishkaki hadi mfuko ulie. Lakini jaribu kuuliza: upande ule wa bahari, kwenye mikoko, kulitokea nini? Wengi watakujibu haraka: "Ah, kulikuwa na meli ya Wajerumani!" Basi, hadithi imeishia hapo.

Mie hadithi hiyo huwa inanikera kidogo. Si kwamba ni ya uongo. Ni kwamba imesimuliwa nusu, na nusu iliyoachwa ndiyo yetu.

Tuanze na mwaka 1905. Wajerumani walikuwa wanawalazimisha watu kulima pamba, mashamba yao ya chakula yakisubiri. Mganga Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe akawapa watu maji na moyo wa kukataa. Agosti 4, 1905 akanyongwa Mohoro, kusini mwa mto Rufiji. Vita vya Maji Maji vilipokwisha mwaka 1907, Wajerumani wenyewe walikadiria waliokufa kuwa 75,000. Wanahistoria wengine wanafika hadi 300,000, na wengi wao hawakuuawa kwa risasi bali kwa njaa, maana askari walichoma mashamba na maghala makusudi.

Sasa angalia mambo ya dunia. Mwaka huohuo 1905, mwezi Desemba, huko Kiel, Ujerumani, manowari mpya ilishushwa majini. Ikaitwa Königsberg. Miaka tisa baadaye ikaja kujificha hukuhuku kwetu.

Septemba 20, 1914 Königsberg iliizamisha manowari ya Waingereza, Pegasus, bandarini Zanzibar. Halafu mitambo yake ikaharibika, ikajichimbia ndani ya delta ya Rufiji, kwenye mikoko minene isiyoonekana kutoka baharini. Vyuma vilivyoharibika ilibidi vipelekwe Dar es Salaam kutengenezwa. Ni mwendo wa kilomita kama 150 hivi, bila barabara ya maana. Nani alivibeba? Mzungu? Thubutu! Ni mamia ya Waafrika, kwa kamba na mabega, kwenda na kurudi.

Julai 11, 1915 Waingereza wakaipiga kwa meli zao mbili, Severn na Mersey, na nahodha Max Looff akaamuru imalizwe palepale. Ungedhani kazi imekwisha. Wapi bwana! Wajerumani wakaitoa mizinga yake 10, kila mmoja wa milimita 105, na safari ya Dar es Salaam ikaanza upya, kwa mabega yaleyale. Mzinga mmoja ulifika hadi Kigoma, ukafungwa kwenye meli ya Götzen, hii tunayoiita Liemba. Jina hilo la Götzen ni la gavana aliyetawala wakati wa Maji Maji. Yaani watu wale hawakupewa hata nafasi ya kumsahau.

Vita ikaendelea hadi 1918. Mwanzoni mwa 1917 majeshi yalikwama Rufiji kwa mvua kubwa na mafuriko. Huko hakuna punda wala ng'ombe aliyedumu kwa sababu ya mbung'o, kwa hiyo risasi, unga na hata majeruhi vyote vilipanda kichwani mwa mtu. Mpagazi alilala kwenye matope na akala unga usioiva. Kuhara damu, malaria na kichomi viliua kuliko bunduki. Kwa upande wa Waingereza peke yake, wapagazi waliokufa ni karibu 95,000 kwa hesabu iliyoandikwa. Wa Wajerumani hakuna aliyejali kuwahesabu sawasawa.

Na mshahara? Maelfu walikufa kabla ya kulipwa, na jamaa zao hawakufikishiwa kitu. Fedha zikabaki kwa serikali ya London. Kilichobaki kwetu ni jina la Kariakoo, lililotokana na kambi ya wapagazi hao. Kila siku tunakwenda kununua nyanya pale, lakini ni wangapi tunajua?

Hebu linganisha. Mzinga mmoja wa Königsberg umehifadhiwa Pretoria, mwingine uko Fort Jesus, Mombasa. Hata mabaki ya meli yalipata wanunuzi, yakakatwa chuma chakavu miaka ya 1960. Dar es Salaam tuna sanamu ya Askari tangu 1927, kashika bunduki yake. Nairobi walau wameweka mpagazi kando ya askari. Sisi ambao vita ilipiganwa kwenye mashamba yetu, mpagazi wetu yuko wapi?

Novemba 2023 Rais Steinmeier wa Ujerumani alikwenda Songea akaomba radhi kwa yaliyotendwa wakati wa Maji Maji. Vizuri. Lakini kuomba radhi ni kwa mwenye deni, kukumbuka ni kwa mwenye msiba.

Kama kwenu Kibiti, Utete, Mohoro au Nyamisati kuna mzee anayejua babu yake alichukuliwa na nani na hakurudi, usimwache alale na habari hiyo. Chukua daftari, andika jina. Serikali ikija kujenga mnara, ikute tayari kuna cha kuchonga.