Mazembe wanachagua nani, na tutamuona muda gani?

Merkato ikifunguka, katika bisi ya wafanyakazi hakuna tena mutu anaongea juu ya bei ya kobalti. Maulizo ni paka haya: Mazembe wamesainisha nani? Anatoka wapi? Anacheza mbele ao nyuma? Sisi Badiangwena, kutoka Kamalondo mpaka Kolwezi, tunajifanya wote wakubwa wa kuchagua wachezaji, hata kama hakuna mwenye alitupatia ile kazi. Lakini tikiti tunalipa. Basi na mawazo yetu yasikilizwe.

Huko Marekani, katika mupira wa kikapu, kuko desturi wanaitaka drafti. Kila mwaka ekipe zinachagua vijana wapya kwa zamu, na zile zilizomaliza vibaya njo zinapewa bahati kubwa ya kuchagua mbele ya wengine. Mutoto wa Lubumbashi, Bismack Biyombo, alipita mule: mwaka 2011 alichaguliwa wa 7. Hapa kwetu ni kinyume. Mwenye feza njo anachagua wa kwanza, na katika mupira wa Kongo, kwa miaka mingi, huyo ni Mazembe. Kwa hiyo mambo ikiharibika hatuwezi kusema kama wengine walitupita kwenye mulango. Ndugu zetu wa Lupopo wanajua hiyo vizuri, na wanatukumbushaka kila siku ya deribi.

Tukumbuke mwaka 2010, juu hapo njo tunapimiaka yote. Tarehe 18 desemba, Abu Dhabi, finali ya Kombe la Dunia la klabu. Inter ya Milano walitupiga 3-0, sawa, lakini mbele yetu hakuna klabu ya Afrika iliyofika pale. Ku demi-finali, Kabangu na Kaluyituka walikuwa wamefunga Internacional ya Brazili, 2-0. Golini kulikuwa Kidiaba na ile kuruka kwake kwa makalio, kwenye watoto walikuwa wanaiga katika kila parsele. Na Trésor Mputu, aliye mukubwa kuwapita wote, hakucheza: FIFA ilikuwa imemufungia. Ekipe iliweza kusimama bila yeye sababu wengine walijuana. Kidiaba alilinda lile goli zaidi ya miaka kumi. Hiyo hainunuliwi kwa merkato moja.

Halafu ikakuja 2015, na pale watu wengi walinungunika. Tunakumbuka maneno: "Ile ni ekipe ya wageni, watoto wetu wako wapi?" Ni kweli, kulikuwa Wazambia, Watanzania, Waghana, Wamali, mutu wa Côte d'Ivoire. Na ile ekipe ilituletea kombe la tano la Afrika. Katika finali na USM Alger, Mbwana Samatta alifunga penalti kule Algeri, akafunga ingine hapa nyumbani, Roger Assalé akamaliza kazi.

Samatta alikuja kutoka Simba mwaka 2011, mwaka ule ule Simba na Mazembe walikutana ku Ligi ya Mabingwa. Alikuwa kijana wa miaka 18. Kiswahili chake kilikuwa safi kupita chetu, watu walikuwa wanacheka kidogo. Lakini hakuna mwenye alicheka tena nyuma ya musimu wa kwanza. Alibakia mpaka januari 2016, wakati alienda Genk ya Ubelgiji. Na Rainford Kalaba, mwana wa Zambia, alikuja akabakia mpaka akakuwa kapiteni. Sisi watu wa migodi hatukumuona kuwa mugeni. Kupita Kasumbalesa, ni shaba ile ile, Kibemba kile kile, na mababa waliofanya kazi chini ya udongo sawa vile wa kwetu. Wakati Zambia walibeba Kombe la Afrika la 2012, penalti ya mwisho ikapigwa na Stoppila Sunzu, muchezaji wa Mazembe, hapa Lubumbashi watu walipiga vigelegele sawa vile ni Kongo walioshinda.

Basi ulizo letu si mugeni ao mwana-inchi. Ulizo ni: wamemuchagua akae, ao wamemuchagua wamuuzishe?

Tangu 2012 klabu iko na akademia yake, na Don Bosco iko inawapatia vijana fasi ya kucheza na kukomaa. Tunaipongeza kazi ile, na tunasema bila haya kama hakuna klabu ingine katika inchi iliyofanya hivyo kwa nguvu. Jackson Muleka alipita mule, mwana wa Lubumbashi, akaanza kufunga magoli moja nyuma ya ingine. Mwaka 2020, akiwa na miaka 20, alikuwa amefika Standard ya Liège. Tulifurahi kwa ajili ya jamaa yake. Lakini siku ya mechi tulitazama mbele, na fasi yake ilikuwa wazi. Akichaguliwa mwengine, naye akianza kujua wenzake, wanunuzi wa Ulaya wako wanasimama ku mulango.

Klabu iko na haki ya kuuzisha. Mishahara inalipwa na nini? Makofi yetu haijazi sanduku. Tunaomba paka wasiuzishe wawili ao watatu kwa mara moja, na wasichague kijana juu ya video ya dakika tatu. Mwenye alishafikisha mufuko wake Musompo anajua: Metorex inasoma kajiwe kamoja, na bei ya mufuko muzima inafuata. Muchezaji pia wanamupimaka vile, asubuhi moja, jua kali, miguu inatetemeka. Kijana mwema anaweza kukosa siku ile. Na mwenye kubahatika siku ile anaweza kuwa mawe tupu.

Matokeo tumeyaona. Mwaka 2024 tulifika demi-finali ya Ligi ya Mabingwa. Al Ahly walitushika 0-0 hapa, wakatupiga 3-0 kwao. Tukasema, mwaka kesho njo wetu. Mwaka ule uliofuata tulimaliza wa mwisho katika kikundi, nyuma ya Al Hilal, MC Alger na Yanga. Yanga! Walitupiga 3-1 kule Dar es Salaam.

Hapo njo tunaona namna barabara imegeuka. Zamani Watanzania walikuwa wanakuja huku kutafuta mukate na jina. Sasa ni vijana wa Kongo wanaoenda Dar: Fiston Mayele alitoka Vita mwaka 2021 akaenda Yanga, nyuma akaenda Pyramids ya Misri, na katika finali ya Afrika ya 2025 akafunga goli. Max Nzengeli alitoka Maniema Union, naye Yanga wakamuchukua. Wote walikuwa wanacheza hapa katika inchi, mbele ya macho yetu. Kwa kwenda Maniema hauhitaji viza. Tunauliza kwa heshima: wenye kutafutia Mazembe wachezaji walikuwa wanatazama wapi?

Kuko na neno letu sisi wenyewe pia, tusilifiche. Tribini yetu haina uvumilivu. Kijana anakosa mupira mbili, na watu wanaanza kupiga miluzi, wanaita jina la mwenye aliondoka. Kijana wa miaka 19, usiku, mbele ya watu maelfu, anafanya nini? Anamwambia menejeri wake amutafutie fasi ingine.

Na kwa baba na mama wenye kuwa na mutoto anayecheza vizuri ku Likasi, Kipushi ao Kolwezi: mutu akikuja kuomba feza ili amupeleke ku testi, mumuulize anatumwa na klabu gani, na mupige simu kule. Mutoto abakie ku masomo. Na makaratasi yake, tarehe yake ya kuzaliwa, ikuwe ya kweli tangu mwanzo. Mwaka 2011 Mazembe yenyewe, klabu kubwa vile, ilitoshwa ku Ligi ya Mabingwa juu ya muchezaji mumoja ambaye hakukuwa na haki ya kucheza.

Merkato yenye kukuja, majina yatatangazwa tena, na tutayasoma kwa sauti ndani ya bisi. Tunataka muzuiaji wa kati mwenye kimo, na mufungaji mumoja, mumoja tu, mwenye kontra ya miaka ine. Akitoka Bamako, karibu. Akitoka Ruashi, karibu zaidi.