Avoka na Ushuhuda: Je, Kumtetea Mshitakiwa ni Kutetea Kosa?

Mara nyingi Wakristu wanatuuliza hivi: "Padri, mtu ameua au ameiba, na watu wote wanajua. Mbona avoka anasimama mbele ya tribinali kumtetea? Je, hashiriki dhambi yake?" Swali hili lastahili jibu, kwani sisi mapadri na makatekista tunaitwa kila siku kusikiliza mashauri ya watu. Tusipojua kupima ushuhuda, twaweza kumwangamiza mtu asiye na kosa.

Tuanze na Maandiko Matakatifu. Katika kitabu cha Danieli, sura ya 13, wazee wawili walimshitaki Suzana kwa uzinzi. Kutaniko liliwasadiki upesi, maana walikuwa wazee na waamuzi, naye akahukumiwa kufa. Danieli, kijana tu, alifanya nini? Aliwatenga wazee wale, akamwuliza kila mmoja peke yake: uliwaona chini ya mti gani? Mmoja akataja mti huu, mwenziwe akataja mwingine. Basi uwongo ulifunuliwa kwa vinywa vyao wenyewe. Kazi ya avoka ndiyo hiyo. Na sheria ya Kanisa, kanuni 1560, inataka vilevile mashahidi waulizwe mmoja mmoja.

Sasa tutoe mfano wa Marekani. Katika mwaka 1961, mjini Panama City, jimbo la Florida, mtu maskini jina lake Clarence Earl Gideon alishitakiwa kwamba amevunja nyumba ya kuchezea biliadi, kusudi aibe. Huko hilo ni kosa zito. Aliomba avoka, mwamuzi akamnyima, kwa kuwa sheria ya jimbo iliwapa maskini avoka katika mashauri ya kifo tu. Akajitetea mwenyewe, akashindwa, akafungwa miaka 5. Gerezani akaandika kwa kalamu ya risasi ombi lake kwa Korti Kuu ya Marekani. Mwaka 1963 Korti ikaamua kwamba maskini aliyeshitakiwa kwa kosa zito lazima apewe avoka.

Shauri likarudiwa, safari hii Gideon akiwa na avoka. Dereva wa taksi alishuhudia kwamba asubuhi ile Gideon alimwambia asimwambie mtu yeyote kwamba amempakia. Neno hilo lilionekana kuwa la mwizi kabisa. Avoka akauliza: je, alikwisha kukuambia hivyo siku nyingine? Dereva akajibu: ndiyo, kila mara, kwa sababu ya ugomvi na mke wake. Yule shahidi mkubwa, aliyesema alimwona Gideon ndani ya nyumba, naye akaulizwa sana, hata watu wakajiuliza: huyu mwenyewe alitafuta nini pale alfajiri? Baada ya saa moja hivi, watu 6 wa baraza la hukumu walisema: Gideon hana kosa. Ushuhuda ulipopata mtu wa kuupima, shauri liligeuka.

Avoka hupima ushuhuda kwa njia nyingi. Tutaje nne.

Kwanza, anauliza kitu kilipatikana namna gani. Mwaka 1957, mjini Cleveland, polisi waliingia kwa nguvu katika nyumba ya mwanamke mmoja pasipo ruhusa halali ya mwamuzi. Katika mwaka 1961 Korti Kuu ikaamua kwamba vitu vilivyopatikana hivyo havitumiki kumhukumu mtu katika jimbo lolote. Maana mwamuzi akipokea matunda ya uvunjaji wa sheria, anawafundisha polisi kuivunja tena.

Pili, anapima macho ya shahidi. Alisimama mbali gani? Mwanga ulikuwako? Alimjua mtu yule zamani? Shahidi anaweza kusema kwa moyo safi, lakini akakosea.

Tatu, anapima maneno ya kukiri. Mwaka 1989, mjini New York, vijana 5 walishitakiwa kwamba wamemtesa na kumnajisi mwanamke. Baada ya kuulizwa na polisi saa nyingi, baadhi yao walikiri, wote wakafungwa. Mwaka 2002 mtu mwingine alikiri kosa hilo, na alama za mwili ziitwazo ADN zikamthibitisha yeye. Hukumu za vijana zikafutwa. Basi mtu aliyechoka na kuogopa huweza kukiri asilolifanya. Kwa hiyo kanuni 1728 yasema mshitakiwa halazimishwi kukiri, wala haapishwi.

Nne, anafuata njia ya kitu chenyewe. Kisu hiki, nani alikiokota? Nani alikitunza? Kilipita mikononi mwa nani? Njia ikikatika mahali, hatujui tena kama ni kisu kilekile.

Msingi wa hayo yote ni mmoja: anayeshitaki ndiye mwenye mzigo wa kuthibitisha. Katiba ya Congo ya mwaka 2006, fungu la 17, yasema mshitakiwa ahesabiwe hana kosa mpaka hukumu ya mwisho imthibitishie. Kanuni 1321 ya Kanisa, iliyorekebishwa mwaka 2021, yasema vivyo hivyo. Na kanuni 1608 inamtaka mwamuzi awe na hakika moyoni. Akiikosa, amwache mshitakiwa.

Lakini je, avoka akijua mteja wake ametenda kosa? Hapo tutofautishe. Kumdai mshitaki athibitishe ni haki. Kutunga uwongo, kununua mashahidi au kuficha kisu ni dhambi, kwani amri ya nane inamfunga avoka kama inavyotufunga sisi sote.

Ndugu, haya hayako mbali nasi. Mara ngapi kijijini mtoto amekufa, na mama mzee amenyoshewa kidole kuwa ni mchawi? Watu wanapiga kelele, na kelele inageuka kuwa hukumu. Siku hiyo pengine hakuna avoka karibu, bali katekista yupo. Basi asimame kama Danieli, awatenge washitaki, amwulize kila mmoja: uliona kwa macho yako, ao ulisikia tu? Kwa nani? Siku gani? Mara nyingi maswali matatu yatatosha kuyatoa mawe mikononi mwa watu.