Senti 10 mlangoni: biashara ya makumbusho ya maajabu Marekani

Katika miaka ya 1880, kibarua wa New York mwenye senti 10 mfukoni aliweza kuingia jumba la maajabu mtaa wa Bowery akamwona mtu asiye na mikono akiandika kwa vidole vya miguu, kisha akapanda ghorofani kutazama mchezo wa kuigiza. Majumba hayo yaliitwa makumbusho, lakini hesabu zake zilikuwa za duka: kiingilio cha chini, wateja wengi, na bidhaa iliyokuwa miili ya watu.

Aliyeonyesha kwamba biashara hiyo inalipa ni P. T. Barnum. Mwaka 1841 alinunua makumbusho ya Scudder, kona ya mitaa ya Broadway na Ann, New York, akayafungua upya Januari 1842 kwa kiingilio cha senti 25. Biashara ni matangazo, na Barnum hakuyafanyia ubahili. Aliweka hata bendi ya wapigaji wabovu kwenye roshani, ili watu wa barabarani wakimbilie ndani kuepuka kelele. Mwaka huohuo alikodi kutoka kwa Moses Kimball wa Boston “nguva wa Fiji”, kiwiliwili cha nyani kilichoshonewa mkia wa samaki, kwa dola 12.50 kwa wiki. Kwa hesabu za Barnum mwenyewe, mapato ya wiki nne yalipanda kutoka dola 1,272 hadi dola 3,341.93.

Waliomfuata walishusha bei hadi senti 10 na kutafuta faida kwa wingi wa wateja. Mpiga debe aliwavuta watu mlangoni. Ndani, msemaji aliyejiita “profesa” aliwapeleka kutoka jukwaa moja hadi jingine akisimulia habari nusu kweli, nusu chumvi. Aliyetaka kiti kizuri ukumbini aliongeza senti. Wasanii nao waliuza picha zao na vijitabu vya maisha yao. Mpiga picha Charles Eisenmann, mwenye studio hapo Bowery, alijenga jina kwa kuwapiga picha watu hao.

Haba na haba ilijaza kibaba cha mwenye jumba, ila jasho lilikuwa la wengine. Kabla ya kupata umaarufu, Harry Houdini alifanya mazingaombwe katika jumba la Kohl na Middleton, Chicago, kwa dola 12 kwa wiki, akipanda jukwaani hadi mara 20 kwa siku.

Kilichotenganisha aliyefaidi na aliyenyonywa ni mkataba. Charles Stratton, mtoto mfupi kupindukia aliyetangazwa kwa jina la Jenerali Tom Thumb, alianza mwaka 1842 kwa dola 3 kwa wiki. Alikuwa hajatimiza miaka mitano, lakini tangazo lilisema ana 11. Baada ya kuivutia Ulaya, alifikia kugawana mapato na Barnum nusu kwa nusu, na Barnum alipofilisika miaka ya 1850, Stratton ndiye aliyefunga naye safari ya maonyesho kumwinua. Millie na Christine McKoy, mapacha walioungana waliozaliwa utumwani North Carolina mwaka 1851, waliuzwa na hata kuibwa wakiwa watoto. Baada ya utumwa kukomeshwa walivuna wenyewe jasho lao na kuwa watu wenye mali.

Afrika nayo iliuzwa, tena ya kughushi. Wengi wa “Wazulu” waliorusha mikuki majukwaani walikuwa Wamarekani weusi. William Henry Johnson, mweusi mzaliwa wa New Jersey, alinyolewa kichwa akaachiwa kishungi, akavishwa manyoya na kutangazwa kuwa kiumbe aliyenaswa Afrika.

Soko lilipogeuka, liligeuka haraka. B. F. Keith, aliyefungua jumba la aina hiyo Boston mwaka 1883, alihamia kwenye maonyesho safi ya nyimbo na vichekesho yaliyofaa familia nzima. Mwaka 1905 ukumbi wa sinema wa senti tano ulifunguliwa Pittsburgh, na mfano wake ukaenea kama moto wa nyika. Makumbusho ya Huber, mtaa wa 14 New York, yalifungwa mwaka 1910.

Senti tano dhidi ya 10 ni sehemu tu ya maelezo. Filamu haili, haiugui wala haidai mshahara. Wenye majumba walihamishia mitaji yao huko, nao wasanii wakaenda kwenye sarakasi na viwanja vya burudani vya Coney Island kutafuta mkataba mwingine. Aliyekuwa na sauti katika mkataba wake aliondoka na akiba. Asiyekuwa nayo aliondoka na picha zake.