Gramu 64 kwa Tani: Rekodi za Kipushi

Mwulize mtu wa Kampemba, hapa Lubumbashi, utajiri wa Katanga ni nini, atakujibu shaba, kisha kobalti. Gerimani haitaji. Na ni haki yake, maana metali hiyo haina mgodi wake popote hapa. Hata hivyo, kilomita 30 hivi kusini-magharibi mwa Lubumbashi, mpakani na Zambia, upo mgodi wa Kipushi, na humo gerimani imejificha kwa wingi wa kushangaza.

Rekodi inayotangazwa sana ni ya zinki. Zaidi ya mita 1,200 chini ya ardhi umelala mwamba uitwao Big Zinc, tani milioni 11.8 hivi zenye zinki asilimia 35. Migodi mingi ya zinki duniani haifikii hata asilimia 10, na hakuna mgodi mwingine mkubwa unaoukaribia huu. Kipushi ulianza kuchimbwa miaka ya 1920 chini ya kampuni ya Union Minière, ukasimama 1993, ukajaa maji 2011 pampu ilipoharibika, na mwaka 2024 kampuni ya Ivanhoe na ile ya serikali, Gécamines, zikaanza tena kutoa zinki.

Mimi navutiwa zaidi na tarakimu ndogo ya mwamba huohuo: gramu 64 za gerimani katika kila tani. Mawe ya kawaida ya ganda la dunia yana gramu moja na nusu hivi. Yaani Big Zinc imelimbikiza gerimani mara 40.

Ilifikaje? Miaka milioni 450 hivi iliyopita, maji moto yenye chumvi na metali yalipanda kwenye ufa wa Kipushi, yakakuta dolomiti na mawe ya chokaa ya tabaka la Kakontwe. Mawe ya namna hiyo huyeyuka upesi. Maji yakayala, na pale yalipoyala yakaacha zinki, shaba na risasi zilizoungana na salfa. Gerimani ikaingia kama mpangaji: ndani ya fuwele ya sfaleriti, yaani zinki iliyoungana na salfa, atomi moja ya gerimani na mbili za shaba hukaa pale palipokuwa na atomi tatu za zinki, na chaji za umeme zinabaki sawa. Ndiyo maana huwezi kuiona kwa macho, hata ukilishika jiwe mkononi.

Isipokuwa pale ilipozidi. Kipushi ilikuwa na jiwe la rangi ya machungwa iliyokolea ambalo watu walilihesabu kuwa borniti tu, madini ya kawaida ya shaba. Mwaka 1948 mtaalamu wa madini J. F. Vaes alionyesha kwamba ni madini mapya kabisa yenye gerimani ndani yake, akayaita renieriti kwa heshima ya mwanajiolojia Mbelgiji Armand Renier. Sumaku inayatambua: ukiisogeza, renieriti huvutwa, borniti haishtuki. Mwaka 1965 mgodi ukatoa mengine ya gerimani, briartiti. Katikati, 1958, ilitangazwa galiti kutoka Tsumeb ya Namibia na Kipushi. Hayo ndiyo madini ya kwanza kujulikana ambamo metali ya gali ni sehemu kuu. Tsumeb nao umo ndani ya dolomiti, na sioni kama ni bahati tu kwamba migodi hii miwili imeipa sayansi majina mengi hivyo.

Kati ya 1956 na 1978 Kipushi ulitoa tani 278 za gerimani. Transista ya kwanza, ya 1947, ilikuwa ya gerimani. Leo metali hiyo imo katika nyaya za mwanga zinazobeba intaneti na lenzi za kuonea joto gizani. China ilipoanza kudhibiti uuzaji wa gerimani na gali nje mnamo Agosti 2023, viwanda vya nchi nyingi vilianza kutafuta pengine pa kuipata.

Pengine hapo palikuwa mjini kwetu, juu ya ardhi. Tangu 1911 tanuru za Lubumbashi ziliyeyusha shaba na kumwaga masazo meusi kando ya bomba refu la moshi, hadi yakawa mlima, ile terili anayoijua kila mtoto wa jiji. Shaba ya Kipushi ilipopita motoni, sehemu ya gerimani yake ilibaki kwenye masazo. Kampuni ya STL, tawi la Gécamines, sasa inayachakata upya, na Oktoba 2024 mzigo wake wa kwanza wa gerimani uliondoka kwenda kwa kampuni ya Umicore, Ubelgiji.