Muhula wa Kufunga Hesabu

Tangu mwaka 2008, M-Pesa ilipoingia Tanzania, mvuvi wa Bagamoyo ameweza kupokea thamani ya samaki wake kwa simu. Na katika seva za zama hizi, programu zinazohudumia malipo ya namna hiyo aghalabu hutiwa ndani ya kontena, yaani kila programu hutengewa makao yake pamoja na mahitaji yake yote, ili iwashwe na kuzimwa bila ya kuwaudhi majirani. Kuzimwa huko ni jambo la kila siku, ama kwa kupisha toleo jipya, ama kwa kuhamishiwa seva nyingine, na mushkili wenyewe umo katika adabu ya kuzima.

Docker, programu ya kuendesha kontena iliyodhihiri mwaka 2013, ikitakiwa kuzima kontena hutanguliza ishara ya upole iitwayo SIGTERM, ikangoja sekunde 10, kisha hutuma SIGKILL, ambayo programu haina hiari ya kuipinga. Kubernetes, inayosimamia kontena katika seva nyingi, isipoamriwa vinginevyo hungoja sekunde 30. Katika lugha ya Go, ambayo tangu toleo la 1.7 la mwaka 2016 ina muktadha (context), yaani kitu kinachopitishwa kwa kazi ili kuzipa amri ya kusitishwa, katika maktaba yake rasmi, desturi ni kwamba SIGTERM ikifika, muktadha mkuu hubatilishwa, na kazi zote zilizo chini yake hupata habari ya kusita.

Hapo ndipo wengi hughafilika, kwani kazi ya mwisho, kama vile kuandika malipo yaliyokwisha kupokewa katika hifadhidata, hukabidhiwa muktadha uleule uliobatilishwa, ikakataliwa kabla haijaanza. Ni kama jahazi lililotia nanga mbali na ufuko wa Bagamoyo wenye maji haba, likafutiwa safari, na amri hiyohiyo ikawazuia wapagazi kuteremsha shehena.

Dawa yake ni kuipa kazi ya kufunga muktadha mpya, usiorithi ubatilifu wa ule wa kwanza, jambo ambalo Go 1.21 ya mwaka 2023 imelirahisisha kwa kitendaji kiitwacho WithoutCancel. Nao uwekewe muda wake, tuseme sekunde 8 kati ya zile 10 za Docker, ili umalizike kabla ya SIGKILL. Kwanza maombi mapya yakataliwe, kisha yaliyo mkononi yakamilishwe, na hifadhidata ifungwe mwisho.

Ewe mwandishi wa programu, ijaribu programu yako kwa SIGTERM ingali katikati ya kazi, kabla hujaikabidhi fedha za watu.