Upatanisho wa Ngeli na Utata wa Kanuni: Uchunguzi wa Uwezo Mmoja katika Mchezo wa Dungeons & Dragons

1. Utangulizi

Mfasiri wa kanuni hukabiliwa na jambo ambalo mfasiri wa hadithi aweza kulikwepa. Hadithi huvumilia neno lenye maana mbili, na pengine hata hunufaika nalo. Kanuni haivumilii, kwa maana mwishowe lazima mtu aamue kama tendo fulani limeruhusiwa au limekatazwa. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba upatanisho wa ngeli katika Kiswahili humlazimisha mfasiri kutoa uamuzi ambao Kiingereza kiliuacha wazi, na kwamba uamuzi wa namna hiyo haufai kutolewa kimyakimya.

Mfano unatoka katika mchezo wa mezani uitwao Dungeons & Dragons. Uwanja huu waweza kuonekana mdogo, lakini una faida mbili kwa mchunguzi wa lugha. Kwanza, matokeo ya kila usomaji huonekana papo hapo. Pili, watungaji wa kanuni wameeleza makusudio yao hadharani, jambo ambalo ni nadra katika matini za aina hii.

2. Mchezo na kanuni yenyewe

Mchezo huu, uliotungwa na Gary Gygax na Dave Arneson, ulichapishwa kwa mara ya kwanza nchini Marekani mwaka 1974. Kila mchezaji hujitwalia mhusika mmoja, akatangaza anachotenda mhusika huyo. Msimamizi hueleza mazingira, huwasemea maadui na kukata mashauri. Dadu huamua kama tendo limefaulu. Kwa kuwa uwezo wa kila mhusika umeandikwa kitabuni, mabishano ya mezani mara nyingi huwa mabishano ya kisarufi.

Katika toleo la 5, lililotoka mwaka 2014, mmojawapo wa wahusika ni paladini, yaani mpiganaji aliyekula kiapo kitakatifu. Afikapo ngazi ya 2 hupata uwezo unaoweza kuitwa Pigo Takatifu. Akimpata adui kwa shambulio la aina fulani, aweza kutumia sehemu ya akiba yake ya nguvu za miujiza ili kuongeza madhara juu ya yale ya silaha. Nyongeza ya chini kabisa ni jumla ya dadu 2 zenye nyuso 8. Akitumia nguvu kubwa zaidi hufikia dadu 5, na adui akiwa mzuka au shetani huongezwa dadu 1 nyingine. Si jambo dogo, basi, kujua shambulio hilo ni la aina gani. Kitabu kililitaja kwa maneno matatu ya Kiingereza: “melee weapon attack”.

3. Maneno matatu pasipo kiungo

Neno la kwanza lahusu mapigano ya ana kwa ana, la pili ni silaha, na la tatu ni shambulio. Kiingereza huruhusu nomino kupangwa sambamba pasipo kiungo chochote, na ya mwisho ndiyo huwa kuu. Lakini mpangilio huo hausemi neno la kwanza linafungamana na lipi. Yawezekana linaeleza silaha. Hapo itakuwa ni shambulio lolote linalofanywa kwa silaha iliyoundwa kwa mapigano ya ana kwa ana. Yawezekana pia linaeleza shambulio. Hapo litakuwa ni shambulio la ana kwa ana linalofanywa kwa silaha.

Tofauti hii hudhihirika paladini anaporusha mkuki. Katika orodha ya kitabu, mkuki umo miongoni mwa silaha za ana kwa ana, ingawa waweza pia kurushwa. Lakini kuurusha ni kushambulia kwa mbali. Kwa usomaji wa kwanza, Pigo Takatifu laruhusiwa. Kwa usomaji wa pili, haliruhusiwi. Mkuki ni ule ule na mkono ni ule ule. Kilichobadilika ni mahali pa kuyafunga maneno. Watungaji, katika mkusanyo wa majibu yao uitwao Sage Advice Compendium, walilijibu swali hili waziwazi: usomaji wa pili ndio uliokusudiwa.

4. Upatanisho kama mwamuzi

Kila msemaji wa Kiswahili hutofautisha mlango wa nyumba wa mbao na mlango wa nyumba ya mbao. Katika fungu la kwanza mbao ni za mlango, na katika la pili ni za nyumba. Kazi hiyo yote hufanywa na kiambishi cha a-unganifu. Vivyo hivyo, maneno matatu ya Kiingereza yaweza kutafsiriwa kwa njia mbili:

(a) shambulio la silaha la ana kwa ana
(b) shambulio la silaha ya ana kwa ana

Katika (a) kiambishi chapatana na shambulio. Katika (b) chapatana na silaha. Mfasiri wa fungu hili hana njia ya tatu ya kuliandika kwa a-unganifu huku akiuhifadhi utata wa asili. Akiandika ya, amemruhusu paladini kurusha mkuki wake kwa Pigo Takatifu. Akiandika la, amemkataza. Asiyelitambua jambo hili atakuwa amehukumu pasipo kujua kwamba ameketi katika kiti cha hakimu.

Isidhaniwe, hata hivyo, kwamba Kiswahili kimekingwa na utata. Upatanisho hutenganisha nomino za ngeli tofauti tu. Mahali pa silaha pakiwekwa jambia, ambalo limo katika ngeli moja na shambulio, hupatikana shambulio la jambia la ana kwa ana, na utata hurudi kama ulivyokuwa.

5. Suala la ngumi

Mkuki uliamuliwa na sintaksia. Ngumi iliamuliwa na msamiati. Chapa ya kwanza ya mwaka 2014 iliorodhesha pigo lisilo la silaha katika jedwali la silaha. Masahihisho ya mwaka 2015 yaliliondoa humo, yakaeleza kwamba mpiganaji aweza kulitumia badala ya silaha anapofanya shambulio la aina hiyo hiyo. Hivyo ngumi ikawa yaweza kufanya shambulio la silaha ilhali yenyewe si silaha.

Je, Pigo Takatifu laweza kuandamana na ngumi? Watungaji walijibu kwamba haliwezi, kwa sababu kanuni yenyewe yataja madhara ya silaha. Walakini waliongeza kwamba sharti hilo liliwekwa ili kulinda taswira ya paladini mwenye silaha, wala si kulinda mizani ya mchezo. Msimamizi akiliacha, hakuna kinachoharibika. Mkusanyo huo huo hutambua njia tatu za kuikabili kanuni: kama ilivyoandikwa, kama ilivyokusudiwa, na kama inavyowafurahisha wachezaji. Njia ya tatu ni haki ya msimamizi. Mfasiri hana mamlaka nayo, bali ana wajibu wa kuilinda ya kwanza. Kama, kwa kutafuta ufasaha, angeandika madhara ya kawaida badala ya madhara ya silaha, angalikuwa amelifuta neno lile lile lililobeba hukumu.

6. Marekebisho ya mwaka 2024

Kanuni zilipoandikwa upya mwaka 2024, uwezo huu ulifanywa kuwa tendo la uganga linalofanyika mara tu baada ya kumpata adui kwa silaha ya ana kwa ana au kwa pigo lisilo la silaha. Ngumi imeingizwa kwa jina lake. Zaidi ya hayo, sifa ya ana kwa ana sasa yaeleza silaha, si shambulio. Kwa hiyo mkuki uliorushwa nao umeruhusiwa, kwa kufuata maneno yalivyo. Mfasiri aliyeandika ya mwaka 2014 alikosea. Aandikaye ya leo amepata.

7. Hitimisho

Funzo la mfano huu halihusu mchezo peke yake. Mwaka 2021 Tanzania ilipitisha sheria ya kukifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama, na sheria nyingi zilizotungwa kwa Kiingereza zapasa kutafsiriwa. Nazo zimejaa mafungu ya nomino yasiyo na kiungo. Huko kinachogombewa si pigo la paladini bali ni shamba, mshahara au uhuru wa mtu.

Mfasiri yampasa kwanza kujiuliza kila sifa inafungamana na nomino ipi. Pili, istilahi iliyorudiwa na airudie, asiipambe kwa visawe. Tatu, pale kiambishi kinapomlazimisha kuchagua, auandike uchaguzi wake katika tanbihi pamoja na sababu yake, ili mwenye mamlaka ya kuamua ajue kwamba palikuwa na njia mbili.