Uhai mpya katika viwanja vilivyoachwa London

Abiria anayesafiri kwa treni kutoka katikati ya London kuelekea mashariki, kandokando ya mto Thames, huviona viwanja vingi vilivyoachwa: misingi ya viwanda vilivyovunjwa, lami iliyopasuka, marundo ya vifusi, na magugu yaliyoota kila mahali.

Kwa watu wengi hayo ni mahame yanayosubiri kujengwa nyumba. Lakini kwa baadhi ya wanasayansi, viwanja vya namna hiyo ni miongoni mwa makazi ya viumbe yenye thamani kubwa nchini Uingereza.

Hapo ndipo linapozuka swali ambalo limewagawa wataalamu kwa miaka mingi. Je, mahali palipoharibiwa na binadamu, kisha pakaota mimea na kukaliwa na wanyama waliotoka pembe mbalimbali za dunia, panastahili kulindwa kama unavyolindwa msitu wa asili? Na ikiwa panastahili, ni kwa kipimo gani?

Swali hilo haliihusu London peke yake. Linawahusu pia wakazi wa mwambao wa Ziwa Victoria, kama tutakavyoona.

Maana ya mfumo mpya

Mwaka 2006 mtaalamu wa ikolojia kutoka Australia, Richard Hobbs, pamoja na wenzake wa nchi kadhaa, walichapisha makala iliyolipa uzito wa kisayansi jina la "mifumo mipya ya ikolojia".

Walikusudia mahali ambapo viumbe wanaoishi pamoja hawajapata kuishi pamoja hapo kabla, kwa sababu binadamu amebadilisha udongo, maji au hali ya hewa, au ameleta viumbe wageni. Mfumo wa aina hiyo hujiendesha wenyewe bila kutunzwa na mtu, na si rahisi tena kuurudisha ulivyokuwa zamani.

Kwa hiyo shamba la mahindi si mfumo mpya, kwa kuwa mkulima akiondoka nalo linabadilika. Lakini shamba lililoachwa kwa miaka 50, likaota miti ya kigeni na ya kienyeji kwa pamoja, laweza kuwa mfumo mpya.

London ni mahali pazuri pa kulichunguza jambo hili, kwani mji huo uliwahi kulishuhudia likitokea mbele ya macho ya watu.

Baada ya mabomu

Kati ya Septemba 1940 na Mei 1941, ndege za Ujerumani ziliushambulia mji wa London kwa mabomu. Mitaa mizima ikageuka magofu.

Haukupita muda mrefu magofu hayo yakaanza kuchanua. Mmea mmoja mrefu wenye maua ya rangi ya zambarau, ambao hupenda ardhi iliyoungua, ulitapakaa katikati ya mji hata watu wakauhusisha na mabomu yenyewe. Edward Salisbury, aliyekuja kuwa mkurugenzi wa bustani ya mimea ya Kew mwaka 1943, aliorodhesha zaidi ya aina 100 za mimea iliyojiotea katika maeneo yaliyobomolewa.

Wengine katika orodha hiyo ya maua walikuwa wageni. Mmoja wao ni mmea wa maua ya manjano ambao asili yake ni miteremko ya mlima wa volkano wa Etna, katika kisiwa cha Sicily. Uliletwa katika bustani ya mimea ya Oxford, ukavuka ukuta, kisha ukasafiri kwa kufuata njia za reli, ambazo kokoto zake zinafanana na mawe ya volkano ya kwao.

Wachunguzi wa urithi wa viumbe wamegundua kuwa mmea huo ulitokana na kuchanganyika kwa aina mbili za Sicily, na kwamba ulikuja kuwa aina ya pekee ukiwa Uingereza. Kwa maneno mengine, binadamu alisababisha aina mpya ya kiumbe kuzaliwa.

Katika magofu hayo hayo alikuja ndege mdogo mweusi mwenye mkia mwekundu, ambaye kwa desturi huishi kwenye majabali ya milima ya Ulaya. Kwake yeye, kuta zilizobomoka zilikuwa majabali. Leo ndege huyo analindwa na sheria ya mwaka 1981, na baadhi ya majengo ya London yamemwagiwa vifusi juu ya paa makusudi ili yeye na wadudu anaowala wapate mahali pa kuishi.

Hata katika bustani za mji mabadiliko hayo yanasikika. Tangu miaka ya 1970, kasuku wa kijani wenye ukanda shingoni, ambao asili yao ni bara Hindi na ukanda wa Afrika unaoanzia Senegal hadi Uganda, wamekuwa wakizaliana porini kusini-mashariki mwa Uingereza. Sasa ni maelfu kwa maelfu, na makelele yao ni sehemu ya asubuhi ya London.

Hazina ya Canvey

Mfano unaotajwa mara nyingi zaidi, hata hivyo, uko nje kidogo ya mji, katika kisiwa cha Canvey, mahali mto Thames unapokaribia bahari.

Hapo palikusudiwa kujengwa kiwanda cha kusafishia mafuta. Mchanga na tope vilivyochotwa mtoni vilimwagwa juu ya ardhi ya kinamasi, na ujenzi ukaanza. Katikati ya miaka ya 1970 mradi ukaachwa kabla kiwanda hakijafanya kazi hata siku moja.

Udongo ule wa mchanga hauna rutuba, na kwa sababu hiyo nyasi ndefu hazikuweza kuyasonga maua madogo. Jua nalo huupasha joto upesi. Matokeo yake, wachunguzi wamehesabu hapo zaidi ya aina 1,400 za wadudu na viumbe wengine wasio na uti wa mgongo. Miongoni mwao yumo mmoja wa nyuki adimu kabisa wa Uingereza, na mbawakawa aliyedhaniwa kuwa amekwisha toweka nchini humo.

Mwaka 2005 serikali ililiweka eneo hilo katika orodha ya sehemu zenye umuhimu wa pekee kisayansi, jambo lisilo la kawaida kwa ardhi iliyokwisha tumiwa kwa shughuli za viwanda.

Kwa nini wadudu hao wakimbilie kwenye uwanja wa kiwanda? Jibu ni la kusikitisha. Tangu miaka ya 1930, Uingereza imepoteza takriban asilimia 97 ya malisho yake ya asili yenye maua, kutokana na kilimo cha kisasa. Wadudu walikwenda Canvey kwa sababu mashambani hapakuwa tena na mahali pao.

Furu na sangara

Basi, je, tuseme maumbile hujitengeneza yenyewe, na kwamba hakuna haja ya kuhofu? Wako wanaokaribia kusema hivyo. Chris Thomas, profesa wa Chuo Kikuu cha York, aliandika kitabu mwaka 2017 akieleza kuwa katika sehemu nyingi za dunia idadi ya aina za viumbe imeongezeka, kwani wageni wanaoingia ni wengi kuliko wenyeji wanaotoweka.

Jibu la hoja hiyo linaweza kutafutwa kusini-magharibi mwa London, katika Jumba la Makumbusho ya Maumbile lililoko South Kensington. Humo, ndani ya chupa za dawa ya kuhifadhia, wamo samaki wadogo wa Ziwa Victoria: wale ambao Watanzania huwaita furu, Waganda nkejje, na Wajaluo fulu. Wengi kati yao walielezwa na kupewa majina ya kisayansi na Humphry Greenwood, aliyefanya utafiti Jinja, nchini Uganda, kabla ya kuhamia katika jumba hilo.

Ziwa hilo lilikuwa na aina zinazokadiriwa kufikia 500 au zaidi za furu, ambao karibu wote hawapatikani mahali pengine popote duniani. Katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960, sangara, ambaye Kenya huitwa mbuta, alipandikizwa ziwani humo ili kukuza uvuvi. Ilipofika miaka ya 1980 sangara walikuwa wamejaa, na wataalamu wanakadiria kuwa mamia ya aina za furu yalitoweka au kubakia machache mno.

Ziwa Victoria la leo, lenye sangara, sato wa kigeni, dagaa, gugumaji na mabaki ya furu, ni mfumo mpya wa ikolojia kwa kila maana ya neno hilo. Limewapatia watu wengi kazi, na limeziletea nchi tatu fedha za kigeni. Aina kadhaa za furu zimeanza kurudi tangu miaka ya 1990, nyingine zikiwa zimebadili chakula chao. Hakuna anayependekeza kwa dhati kuwa sangara waondolewe wote, wala hakuna ajuaye namna ya kufanya hivyo.

Lakini hapo ndipo tofauti na Canvey inapoonekana. Nyuki wa Canvey wakiangamia, Uingereza itapata hasara, ila jamaa zao wangali wako katika bara la Ulaya. Furu aliyetoweka hana jamaa popote. Amebaki katika chupa.

Kuhesabu aina za viumbe mahali pamoja, kwa hiyo, hakutoshi. Eneo laweza kupata wageni kumi na kupoteza mwenyeji mmoja, hesabu yake ikapanda, na bado dunia ikawa maskini zaidi.

Hofu ya wapinzani

Mwaka 2014 kundi la wanasayansi, wakiwamo Carolina Murcia na Daniel Simberloff, lilichapisha pingamizi kali. Hoja yao ni kwamba neno "mfumo mpya" linaweza kuwa kisingizio. Anayeharibu msitu atasema msitu hauwezi kurudi, na serikali isiyotaka kugharamia ukarabati itakubaliana naye.

Hofu hiyo ina msingi. Lakini kupuuza viwanja kama vya Canvey kuna hatari yake pia. London ina uhaba mkubwa wa nyumba, na sera ya serikali ni kujenga kwanza kwenye ardhi iliyokwisha tumika, ili mashamba na misitu isalimike. Kwa walio wengi hilo ni jambo la busara, hata pale ambapo shamba linalookolewa halina ua wala nyuki.

Tangu Februari 2024, sheria ya England inawataka wajenzi wa miradi mikubwa waiache bayoanuwai ikiwa imeongezeka kwa asilimia 10 kuliko walivyoikuta, na kuitunza kwa miaka 30. Sheria hiyo inavitambua viwanja vilivyoachwa vyenye mchanganyiko wa maua na ardhi tupu kuwa makazi yenye thamani. Pia inamzuia mwenye kiwanja kufaidika kwa kufyeka kwanza: uharibifu uliofanywa baada ya Januari 30, 2020 hautaondolewa katika hesabu.

Kipimo hicho bado ni cha eneo na aina ya makazi. Swali ambalo furu wa Ziwa Victoria wanatufundisha kuliuliza ni jingine: ni nani anayeishi hapa ambaye, akifukuzwa, hana pa kwenda?

Swali hilo linafaa kwa msitu wa asili na linafaa kwa uwanja wa vifusi. Wakati mwingine jibu litakuwa kwamba hakuna, na nyumba zijengwe. Wakati mwingine litakuwa ni mbawakawa mmoja, au samaki mwenye urefu wa kidole. Lakini jibu halitajulikana mpaka mtu aende akachunguze, na hilo halina budi kufanyika kabla ya tingatinga kuwasili, au kabla ya samaki mgeni kumwagwa ziwani.